Kazi Yangu ya Vikopo vya Kiunoni

Mkuu wa Stoo alinipokea kazini kwa kunirushia kopo tupu la bati, nami nikalidaka kwa bahati tu. "Weka maisha yako hapo ndani," akaniambia, kisha akaendelea kunywa chai yake. Nilikuwa nimevaa dera jipya na mikono yangu ina hina, kwa kuwa nilivyoelewa mimi, nilikuwa nimeajiriwa ukarani. Nikamwuliza kwa adabu kama kuna meza yangu. Akaelekeza kidole kwenye kreti iliyopinduliwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa meza yangu kwa muda mrefu.

Kampuni ilikuwa ndogo, hapa hapa Kisumu, na kazi yake ilikuwa kuwapeleka watu kupanda vilima na kuwarudisha siku hiyo hiyo. Walikuwa walimu, makarani wa benki, wageni kutoka nje, vikundi vya makanisa. Walipanda Kajulu nyuma ya mji, au ukingo wa milima ya Nandi, au walivuka ghuba kwenda Gwassi. Kila mmoja alipewa kitu kimoja cha kufunga kiunoni: kikopo cha bati chenye vitu vya kumweka hai iwapo angepotea au kuumia mpaka watu wamfikie. Wageni walikiita kwa Kiingereza. Sisi wa stoo tulikiita kikopo, basi. Kazi yangu ilikuwa kuvijaza.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaopanda vilima siku hizi mkiwa na simu mkononi na chupa ya soda ndani ya begi, mkadhani mmejitayarisha. Siwacheki. Nacheka kidogo tu.

Kopo lenyewe lilikuwa la peremende za koo, ukubwa wa kiganja. Ndani yake vilikaa vitu ambavyo mtu asiyejua kazi angehitaji ndoo kuvibeba. Kuna kioo kidogo, si cha kujipodoa, ni cha kumulikia jua ili mtu aliye mbali aone mmeto. Kuna njiti za kiberiti zilizochovywa kwenye nta ya mshumaa, maana njiti iliyovaa nta hailowi. Kuna wembe, sindano, uzi wa nailoni uliozungushwa kwenye kipande cha kadi, vidonge vya kusafishia maji ya mto, pakiti ya chumvi na sukari kwa aliyeishiwa maji mwilini, na peremende chache. Kuna blanketi la foili, lile linalong'aa na kukunjika hadi likawa dogo kama pakiti ya majani ya chai, ambalo huzuia joto la mwili lisitoroke. Juu kabisa hukaa bendeji. Mkuu wa Stoo alikuwa mkali juu ya mpangilio huo: kinachohitajika kwanza huingia mwisho. "Damu inatoka, wewe unatafuta sindano ya nini? Unashona shati?"

Alikuwa mstaafu wa jeshi, mfupi, na sauti yake ilitangulia mwili wake kila mahali. Alinifundisha kufungua kikopo kwa mkono mmoja. "Mkono moja imevunjika," angesema, akinifunga wa kulia nyuma kwa kitambaa. "Fungua." Nikifaulu, ananipaka sabuni kwenye vidole. "Sasa ni damu. Fungua." Hina yangu ilichubuka na kucha zikakatika. Nilienda nyumbani nikimlaani kwa lugha zote mbili za nyumbani kwetu, Kiswahili cha baba aliyetoka pwani na Dholuo ya mama. Baadaye niligundua kwamba mtu huyo alikuwa amewahi kumwona mwenzake akifa karibu na begi lenye kila kitu. Hakunieleza zaidi ya hapo, nami sikumwuliza.

Ndiyo sababu kikopo kilikaa kiunoni. "Begi unaweza weka chini uende choo, usahau," alisema. "Kiuno nayo utaweka wapi?" Na filimbi haikuingia kwenye kikopo hata siku moja wakati wake. Ilining'inia shingoni kwa kamba, nje, karibu na mdomo. Mtu aliyeumia sauti humwishia haraka kuliko anavyofikiri, lakini pumzi ya kupuliza filimbi hubaki. Naomba mlikumbuke jambo hilo hata mkisahau mengine yote niliyoandika.

Baadaye nilihamishiwa Luanda Kotieno, chumba kimoja karibu na kivuko, kuwahudumia waliokuwa wakivuka kwenda Mbita na vilima vya upande ule. Kazi ilikuwa ile ile, ila bati halipendi unyevu wa ziwa. Vifuniko vilishika kutu na peremende ziliyeyuka zikagandia njiti, ukawa na kitu kisichowaka na kisicholika. Nikajifunza kuzungushia kila kitu karatasi ya nta na kupaka mafuta kwenye ukingo wa kifuniko. Pia nilijifunza kula omena, wale dagaa wa ziwa, bila kuhesabu macho yao. Ilikuwa miaka mizuri. Na nikiwa huko ndipo ndugu yangu Rajabu alipoajiriwa kuwa mwongozaji njia upande wa Kisumu.

Rajabu alinifuata kuzaliwa, na ndiye aliyekuwa furaha ya nyumba yetu pale Kaloleni. Miguu yake ilikuwa ya mbuzi, hakuna jiwe lililomshinda. Lakini kwa utunzaji wa vitu alipita kiasi. Simu aliyonunua aliiacha na ile karatasi ya plastiki juu ya kioo mpaka ikageuka njano. Mashati yake mazuri yalikaa yamekunjwa, yakingoja siku isiyofika. Tulimtania sana, ila sote tulijua alikoitoa tabia hiyo. Mama yetu alikuwa na sahani za udongo zenye maua, ndani ya kabati la kioo, na sisi wanawe hatukuwahi kula juu yake. Zilikuwa za wageni. Ukiazima sufuria ya jirani, mama aliisugua mpaka ikarudi inang'aa kuliko ilivyokuja. Alitulea hivyo, na watu walitusifu kwa malezi hayo.

Niliporudishwa Kisumu, Mkuu wa Stoo alikuwa amestaafu na kampuni ilikuwa na Meneja. Sitamsema vibaya. Alikuwa nadhifu, alilipa mishahara kwa wakati, na hakuinua sauti. Shida yake ilikuwa kweli: vikopo vilirudi vimefukuliwa. Peremende ziliishia njiani, wembe ulienda kunyoa ndevu za watu, sindano zilihamia majumbani. Filimbi zetu zilikuwa zinaamua mechi za watoto mtaani Obunga, nami nilizitambua kwa masikio yangu nikipita. Meneja akaamua mambo mawili. Filimbi iingie ndani ya kikopo. Na kila kikopo kifungwe kwa utepe wa kitambaa, juu yake idondoshwe lakiri nyekundu, ile nta ngumu ya mihuri inayoyeyushwa kwa moto.

"Meneja," nilimwambia, "filimbi ikiwa ndani haina kazi."

"Itakuwa na kazi wakati wa dharura, Mama Zai. Atavunja lakiri, atatoa filimbi."

"Na akiogopa kuvunja?"

"Aogope nini? Akivunja, Jumatatu atatueleza sababu. Mtu mwenye sababu haogopi."

Maneno yake yalikuwa na akili. Nikawasha mshumaa nikaanza kudondosha lakiri. Vikopo vilipendeza, hilo lazima niseme. Vilikaa kwenye rafu vimepangana, vyekundu juu, mtu angedhani ni zawadi za arusi.

Jumatatu ikawa siku ya kueleza. Aliyevunja lakiri alisimama mbele ya wenzake wote na kusema alichotoa na kwa nini. Rajabu alisimama mara moja. Mgeni mmoja, mama wa makamo, alikuwa ametokwa na malengelenge miguuni, naye akafungua kikopo akampa bendeji.

"Malengelenge ni emajensi?" Meneja aliuliza, kwa upole wake ule ule.

Watu wakacheka. Hata mimi nilitabasamu, maana kicheko cha wengi huambukiza. Rajabu hakucheka. Alisimama mikono nyuma, masikio yamemwiva, kisha akasema, "Sori, Meneja. Haitarudia tena." Jioni nyumbani nilimtania, akaniambia, "Dada, acha. Nimeonekana kama mtu wa kudokoa." Nikaacha. Neno lenyewe, kudokoa, lilimkaa rohoni. Kwetu hakuna aliyewahi kuitwa hivyo.

Mvua za masika zilipopungua, alitumwa peke yake kukagua njia ya juu Kajulu kabla ya kikundi cha walimu. Kazi hiyo ilikuwa ya kawaida: mwongozaji hupanda, huona kama maporomoko yamekata njia, hushuka kabla ya alasiri. Asubuhi hiyo alipitia stoo kuchukua kikopo, amevaa shati la mistari nililomnunulia Idd.

"Leo umelihurumia limeona jua?" nikamwuliza.

"Umenisumbua vya kutosha, Dada. Ndiyo hilo nimevaa."

Alijifunga kikopo kiunoni, akaomba chapati yangu, akaichukua kabla sijajibu, akaondoka.

Alasiri hakurudi. Simu yake haikupatikana. Waongozaji walipanda wakatafuta mpaka giza likawarudisha, na kulipopambazuka wakapanda tena pamoja na wanakijiji. Mimi nilibaki chini, mwanzo wa njia, nikishika birika la chai isiyo na mtu wa kuinywa. Nilikuwa na tumaini kubwa, na tumaini langu lilikuwa kwenye kile kikopo. Nilijua jinsi nilivyokijaza. Nilikuwa nikijiambia: ana blanketi la foili, baridi haitamweza. Ana bendeji. Ana kioo. Ana filimbi, watamsikia tu. Mama mmoja aliyekuwa anatoka kuokota kuni alinipa pole, kisha akasema kwamba jana jioni alipita juu ya korongo moja la mto, akapumzika hapo na mzigo wake.

"Hukusikia filimbi?" nikamwuliza.

"Ah, ooyo, nyamera, hapana dada. Kulikuwa kimya kabisa. Ningesikia."

Walimpata ndani ya korongo hilo. Jiwe lilikuwa limetoka chini ya mguu wake, akaanguka, mguu ukavunjika juu ya goti na mfupa ukatokeza. Simu ilikuwa kwenye maji. Alikuwa ameburuta mwili wake mpaka kwenye mwamba na kuuegemeza, na hapo ndipo damu na baridi vilipommaliza. Walimshusha kwa machela ya matawi. Nililifunua shuka mwenyewe, ingawa walinizuia.

Mkono wa shati la mistari haukuwapo. Alikuwa ameung'oa begani, akauchana vipande kwa meno, akafunga mguu. Alifunga vizuri, kama alivyofundishwa, fundo juu ya fundo. Mtu anayeweza kufunga mafundo hayo, vidole vyake vilikuwa vizima. Na kiunoni kikopo kilikuwapo, utepe haujaguswa, lakiri nyekundu nzima, haina hata ufa. Ndugu yangu, ambaye hakuwahi kuichubua karatasi ya plastiki kwenye simu, alichana shati lake mwenyewe ili asifungue bendeji ya watu.

Huenda alidhani wenzake watafika upesi. Huenda alijiambia ngoja kwanza, nisije nikasimama tena Jumatatu. Nimeyafikiria hayo mpaka nimechoka. Alipokuja kuona kwamba ni dharura kweli, nadhani mikono ilikuwa imeshakufa ganzi. Yule mama wa kuni alikuwa amekaa hapo juu ya korongo, karibu, akipumzika.

Tulimzika siku hiyo hiyo kama dini yetu inavyotaka. Meneja alikuja matangani akiwa amevaa kofia ya kuazima, akakaa mkekani na sisi. Alikuwa na huzuni ya kweli, niliiona. Alitaka kumwambia mama jambo zuri juu ya mwanawe, akatafuta, akapata hili.

"Mama, kijana wako alikuwa mwaminifu. Hata kikopo cha kampuni kimerudi kama alivyokichukua."

Mama aliinua uso. "Ndivyo nilivyomlea," akasema, na kwa kitambo kidogo alikuwa na fahari. Kisha nikaona maneno yake mwenyewe yakimrudia. "Kulikuwa na nini ndani?" akaniuliza mimi, si Meneja. Nikamwambia. Nikamtajia kimoja kimoja, maana aliuliza mpaka mwisho. Hakupiga ukunga. Aliomba apelekwe chumbani.

Baada ya arobaini, mama alifungua kabati la kioo, akatoa sahani zote za maua, akatupakulia wali wa kawaida wa siku ya kawaida. Mjukuu wake mmoja aliivunja moja siku ya pili. Mama aliokota vipande, akampakulia kwenye nyingine. Sahani zile ziliisha moja baada ya nyingine, na yeye mwenyewe hakuishi sana baada ya hapo.

Meneja hakufuta amri yake kwa kutangaza. Lakiri iliyokuwa stoo ilipokwisha, haikuletwa nyingine. Filimbi zikarudi shingoni na hakuna aliyeuliza ni kwa amri ya nani. Nilimkasirikia kwa hilo kuliko kwa mengine yote. Nilitaka aseme, hata mara moja, hata mbele yangu peke yangu. Alinipitia mlangoni kila asubuhi, "Habari ya asubuhi, Mama Zai," nami nikajibu nzuri. Mwishowe niliomba uhamisho, akautia sahihi haraka. Nadhani sote wawili tulipumua.

Nikapelekwa Bondo, tawi dogo la kuwahudumia wanafunzi wa chuo kikuu waliopenda kupanda Got Ramogi. Mkubwa wangu hapo alikuwa Msimamizi wa Tawi, mwanamke mchangamfu aliyeniachia stoo yote. Nikaanzisha utaratibu wangu. Kabla ya kikundi kuondoka, kila mtu alisimama uani akafungua kikopo chake, akatoa vyote, akavirudisha kwa mpangilio. Alikula peremende moja. Aliwasha njiti moja. Alijifunga bendeji mkononi na kuifungua. Kisha wote walipuliza filimbi kwa pamoja, kelele ambayo majirani walikuja kuilalamikia.

"Mama Zai, si unaharibu vitu?" Msimamizi aliniuliza siku ya kwanza.

"Naviharibu, ndiyo," nikamjibu. "Kipya hawatakifungua."

Alinitazama, akaona nisingeweza kueleza zaidi siku hiyo bila kulia, akasema, "Sawa. Tutanunua zingine." Nilimpenda tangu hapo. Nilifanya kazi chini yake mpaka nilipostaafu, na vijana wale hawakujua kwa nini bibi wa stoo alikuwa mkali hivyo juu ya peremende.

Sasa niko Kaloleni, kwenye nyumba ya mama. Vijana wa vikundi vya kupanda vilima wameniulizia huko kwenye simu zao, wakanipata, na Jumamosi huja na makopo yao nikawajazia. Sijivuni kwa kazi hii. Watu hufikiri kikopo ndicho kinachookoa, na mimi nilifikiri hivyo siku ile nilipokuwa nimeshika birika. Najua sasa kwamba unaweza kumpa mtu kila kitu anachohitaji, ukakipanga vizuri, na malezi mema yakamzuia asikiguse. Sijapata dawa ya hilo. Nimejaribu kelele na peremende tu. Kuna siku naamka nikiwa nimemkasirikia Rajabu mwenyewe, kwamba angekuwa na utundu kidogo tu, udokozi kidogo tu, angekuwa hapa ananinyang'anya chapati. Halafu nalia, kisha nanawa uso.

Jumapili iliyopita alibisha Akinyi, mjukuu wa jirani yangu, mwanafunzi wa uuguzi, ambaye nilimjazia kikopo kabla hajaenda na wenzake ukingo wa Nandi. Alisimama mlangoni na matope mpaka magotini, hataki kuingia. Alikuwa ameshika kikopo wazi, na ndani yake hamkuwa na kitu.

"Mama Zai, pole sana," akasema. "Nimemaliza yote. Tulipotea na msichana mwingine, akateguka mguu, nikamfunga na bendeji. Kioo ilivunjika. Blanketi ile ya kung'aa alilala nayo, imeraruka. Filimbi nilipuliza hadi ikapasuka ndio wakatusikia. Na peremende..." akainamisha kichwa, "peremende nilikula mimi zote, nilikuwa naogopa tu."

Nilimvuta ndani na matope yake nikamkumbatia, nikalia kwa sauti kama sijawahi kulia mbele ya mtoto wa watu. Maskini, alidhani nalilia vitu vyangu. Alinipigapiga mgongoni akaniambia ninyamaze, kwamba kesho atapita dukani aninunulie bendeji nyingine.